Wafiwa wa Kiwanja cha Ndege

Mtu wa Ifunde akifia Mikumi, huyo amefia mbali, hata kama kwenye ramani ya ukutani shuleni ni upana wa kidole. Ramani haina matope. Mwaka ule wa mvua kubwa, zile zilizong'oa reli kule Kilosa na kuacha mabehewa yamelala ubavu, barabara ya kutoka Mikumi ilikuwa imebaki jina tu. Gari lilitoka asubuhi likiwa jeupe, likafika kijiji cha Ulaya likiwa jekundu, na waliolipanda walikuwa wamelisukuma zaidi kuliko walivyolipanda.

Nyuma ya pikapu ya Boniface, Yudith alikaa sakafuni, mkono mmoja juu ya jeneza la mumewe. Hakuuondoa mkono ule tangu hospitalini. Gari likiyumba na jeneza likitaka kuondoka, alilishika kwa nguvu, kama alivyokuwa akimshika Simoni mwenyewe zamani, kabla hajaokoka, akirudi nyumbani na pombe kichwani.

Simoni alikuwa amesumbuliwa na kifua tangu kiangazi. Siku ya mwisho alimwita mkewe karibu akamwambia, "Yudith, unizike Ifunde, ubavuni kwa mama. Usiniache njiani." Yudith akamjibu, "Sikuachi." Wakaomba pamoja, na kabla jua halijazama Bwana akamchukua.

Ndani ya gari walikuwamo wengine wawili. Mmoja alikuwa Donati, mdogo wake marehemu, mtu mpole ambaye hata akidhulumiwa huanza kwa kuomba radhi. Wa pili alikuwa Bibi Letisia, mwanamke mzee, mwembamba kama mwiko, ambaye hakuwa ndugu wala jirani. Yeye alikuwa mtani.

Ukoo wa Letisia na ukoo wa Simoni wametaniana tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Msibani mtani ana haki ambayo hata mchungaji hana. Anaweza kumtukana marehemu mbele ya wanawe na watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Anaweza kuficha majembe, anaweza kuingia kaburini akalala, akasema hatoki mpaka wafiwa wampe kitu. Wakishampa, anatoka, na kazi inaendelea. Anayemkasirikia mtani amejiaibisha mwenyewe.

Lakini Yudith alikuwa mtu wa Umoja wa Mama kanisani, na kwa miaka mingi yeye na wenzake walikuwa wamesema kwamba mambo hayo si ya msiba wa Kikristo. Kwa hiyo pale Mikumi, kabla ya kupakia jeneza, alimwendea bibi kwa adabu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjane."

"Bibi, nakuheshimu, na umefanya vyema kuja kumwosha. Lakini mazishi haya nataka yawe ya sala. Kulala kaburini hapana. Matusi hapana."

Letisia alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Mimi nilibatizwa wewe hujazaliwa. Na huyo Simoni ana bahati, maana nilikuwa na maneno yake tangu mwaka wa njaa, nimeyahifadhi kama mbegu." Akavuta kanga yake hadi mdomoni. "Haya. Marehemu ni wako. Mdomo ni wangu, nimeufunga."

Na kweli aliufunga. Kutoka Mikumi, njia nzima hakusema neno, ila kila gari lilipokwama alilitazama jeneza na kutikisa kichwa, kama mtu aliyezuiwa kukohoa.

Kutoka barabara kubwa, njia ya kwenda Ifunde inakatisha katika shamba la mkonge, halafu inavuka kiwanja cha ndege, halafu inapanda mlima. Kiwanja kile walikitengeneza Wazungu wa mkonge. Walipoondoka na shamba likawa la serikali, ndege zikakoma, nyasi zikaota, mbuzi wakanenepa pale. Miaka ya kujitegemea watu wa Ifunde wakashuka na majembe yao wakachimba njia ya gari, wakaipitisha katikati ya kiwanja kwa sababu kwingineko kote ni mto. Simoni alikuwa mmoja wao. Mlima mzima ulipitia pale: wagonjwa, maharusi, mahindi, wanafunzi waliofaulu na masanduku yao.

Halafu ukaja ubinafsishaji. Shamba likapata mwenyewe mpya, kampuni ambayo mkurugenzi wake alikaa Dar es Salaam na hakuwa na muda wa matope. Nyasi zikafyekwa, chokaa ikamwagwa kuonyesha mwanzo na mwisho, mfuko wa upepo ukatundikwa juu ya mti mrefu. Mkurugenzi alikuwa akinywa chai ya asubuhi kwake, anapanda ndege yake ndogo, anashuka shambani chai ya wengine haijapoa. Nchi hii ni kubwa na watu wametawanyika kama kunde zilizomwagika; mwenye mabawa huiona ndogo.

Simoni akiwa kitandani Mikumi, kampuni ilizungushia kiwanja seng'enge. Yudith alikuwa amesikia. Hakuwa ameona.

Pikapu ilipotoka kwenye mkonge, Boniface alifunga breki, gari likateleza likasimama mbele ya geti la chuma. Kufuli lake lilikuwa kubwa kama ngumi.

Mlinzi alitoka kibandani. Alikuwa Kulet, mtu wa wafugaji wa bondeni, shuka nyekundu chini na koti la kampuni juu. Alipoliona jeneza alivua kofia.

"Poleni sana, mama. Poleni wote. Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," Letisia alisema kupitia kanga.

"Ni nani?"

"Simoni wa Ifunde," Yudith alijibu.

Kulet aliinamisha kichwa. Alimjua Simoni. "Geti nimekatazwa kufungua, mama. Leo ndege inakuja. Na ufunguo sina, anao Bwana Onesphory."

Bwana Onesphory hakuchelewa. Alikuja na pikipiki, redio koli kiunoni, kofia mpya ya kampuni kichwani yenye picha ya mkonge. Alikuwa meneja msaidizi, kijana wa mjini, viatu vyake vinang'aa hata katika tope lile; sijui alivishika mkononi njiani. Hakusema poleni. Hakumpa mzee shikamoo. Alisema, "Nani kawaelekeza huku?"

"Tunakwenda kuzika, bwana," Donati alisema. "Samahani sana. Hii ndiyo njia yetu."

"Ilikuwa. Sasa ni eneo la kampuni. Njia ni ile ya mtoni."

Boniface alitoa kichwa dirishani. "Ile ya mtoni ilipita gari lini? Mto Myombo umejaa mpaka kwenye matawi! Unataka tumzike marehemu mara mbili, kwanza kwa maji?"

"Basi subirini maji yapungue."

"Huyu hasubiri," Boniface akasema, akionyesha jeneza kwa kidole gumba. "Jua hili nalo unaliona."

Onesphory alitazama saa yake, akatazama angani. Halafu sauti yake ikalainika, na Yudith, aliyekuwa akimwangalia tangu alipofika, akaona kwamba sasa ndipo pa kuwa macho.

"Jamani, mimi si mnyama. Kuna makaburi ya shamba pale nyuma ya maghala, walikozikwa manamba wa zamani. Nitatoa vijana wachimbe. Nitatoa hata saruji. Mnamaliza mapema, kila mtu anarudi kwake."

Donati alimgeukia Yudith. Macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu. "Shemeji, labda... Ardhi yote ni ya Mungu. Mama mchungaji ataelewa. Na maiti inaharibika."

Kwa desturi mjane haongei hovyo kabla ya kuzika. Hukaa chini, hujitanda, wanaume wakasema. Yudith aliangalia ng'ambo ya seng'enge. Njia ilionekana wazi, ikikata chokaa nyeupe na kupanda mlimani, na juu kabisa palionekana bati la kanisa ambako watu walikuwa wamekwisha chimba na walikuwa wakisubiri. Aliangalia nyuma ya maghala. Manamba waliolala kule, vibarua wa mkonge, walitoka Songea, walitoka Kigoma, walitoka kokote, na kila mmoja alikuwa na mtu aliyemwahidi kitu.

"Hapana," alisema.

"Mama, sikiliza..."

"Nimekusikiliza. Ardhi yote ni ya Mungu, shemeji kasema kweli. Basi na hapo penye waya ni pa Mungu. Fungua."

Onesphory alicheka kidogo. "Siwezi kufungua. Ndege inatua sasa hivi."

Na kweli ilisikika. Kwanza kama nyuki ndani ya chupa, upande wa Magole, mashariki, halafu ikaonekana, ndogo, nyeupe, ikijipinda juu ya mkonge. Kulet alitazama chini. Donati alianza kuomba radhi, haijulikani kwa nani.

Yudith akasali sala fupi ambayo hajamwambia mtu mpaka leo, kisha akageuka.

"Bibi Letisia."

"Naam, mjane."

"Ule mdomo niliokuomba uufunge. Naufungua mimi mwenyewe. Fanya kazi yako."

Bibi alishusha kanga polepole. Uso ule wote ulikunjuka kama ua la boga asubuhi.

"Hata mtani wa Mungu huwa hakawizwi hivi," alisema. "Nishusheni."

Boniface alimshusha. Bibi aliiendea seng'enge, akainama, akapita chini ya waya wa mwisho kama kuku anayeingia bandani. Kanga yake ikanasa, ikachanika, hakujali. Akatembea hadi pale njia ya Ifunde inapokata kiwanja, akajinyoosha chali, miguu pamoja, mikono kifuani.

"Simoni!" alipaza sauti kutoka pale chini. "Mvivu wewe! Maisha yako yote ulikuwa unataka kubebwa, leo umebebwa mpaka umepitiliza! Haya, kaburi nimekulalia, sitoki!"

"Bibi! Toka hapo!" Onesphory alipiga kelele. "Bibi, utakufa!"

"Nikifa, gari lipo, jenezani tutabanana! Simoni mwembamba!"

Boniface alikuwa wa kwanza kucheka, kisha Donati, akicheka na kulia kwa pamoja. Yudith naye alijiziba mdomo.

Onesphory alichomoa ufunguo, akafungua kufuli, akalisukuma geti, akakimbia. Kulet akamfuata kwa mwendo wa mtu anayehesabu ng'ombe. Boniface naye, bila kuambiwa, akaliingiza gari taratibu nyuma yao.

"Kulet, mnyanyue!"

"Kwetu mzee hanyanyuliwi kama mzigo," Kulet alisema. "Mnyanyue wewe."

Onesphory alimshika bibi mkono. Bibi akawa mzito. Sijui wazee huufanyaje uzito ule. Ndege ilipita juu yao chini sana, upepo wake ukalaza nyasi, ikapaa tena, ikaanza kuzunguka. Redio ya kiunoni ikaanza kukwaruza na kuuliza.

"Bibi, tafadhali. Unataka nini? Sema unachotaka."

"Ee! Sasa umeuliza kama mtu aliyelelewa. Kwanza shikamoo."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mtani haondoki kaburini mikono mitupu. Nataka hiyo kofia."

Onesphory alivua kofia ya kampuni akamtupia kifuani, haraka, kama mtu anayemrushia mbwa mfupa ili apite. Hakujua alichofanya. Alikotoka yeye labda kofia ni kofia.

Bibi Letisia aliivaa. Akaketi. Halafu akainuka mwenyewe, mwepesi, akashika kiuno na kuwageukia watu wa kwenye gari.

"Mmeshuhudia? Nani humpa mtani msibani?"

"Mfiwa," Boniface alijibu.

"Nani?"

"Mfiwa!" wakasema wote, na Yudith naye.

"Basi huyu kanipa. Kanivulia kofia mwenyewe, kichwa wazi mbele ya maiti. Karibu nyumbani, mwanangu. Tangu leo Simoni ni baba yako. Na mimi nakuuliza, mtoto gani anamfungia baba yake geti?"

Kulet alimsogelea Onesphory, akampa mkono, uso wake hauna hata chembe ya mzaha.

"Pole kwa kufiwa, bwana," alisema.

Huwezi kubishana na jambo la namna hiyo. Ukisema sikufiwa, umekuwa mtu aliyetupa kofia yake mbele ya jeneza akicheza. Ukikubali, geti si lako tena. Onesphory alikuwa na akili, na Yudith alimwona akizipitia njia zote mbili na kukuta zote zimezibwa. Mwishowe aliinua redio.

"Msitue," alisema. "Kuna... kuna msiba kiwanjani."

Redio ikauliza msiba wa nani.

Alimtazama Letisia mwenye kofia. Alimtazama Yudith. "Wa hapa," akasema.

"Twende, mama," Boniface alinong'ona. "Njia nyeupe. Twende kabla hajabadilika."

"Hatupiti kama wezi," Yudith alijibu. "Mshusheni."

"Hapa?"

"Hapa. Juu ya chokaa. Njia hii aliichimba, apumzike juu yake kidogo."

Walimshusha. Yudith alisimama kichwani mwa jeneza, akaanzisha wimbo wa mazishi, ule mrefu wenye beti ambazo hata mchungaji huruka mbili akiwa na haraka. Yeye hakuruka. Sauti ya kwanza ilitoka imekauka, ya pili ikashika. Donati akaingia na sauti ya chini. Letisia, Mkatoliki asiyejua maneno, akaimba hivyo hivyo kwa nguvu. Ndege ilizunguka juu yao, ikazunguka tena, na kila ilipopita Yudith alipandisha sauti. Walipofika ubeti wa mwisho akaomba Baba Yetu, neno kwa neno, bila kuharakisha hata mkate wa kila siku.

Onesphory alikuwa amesimama kando, kichwa wazi, mikono imeshikana mbele. Mtu ambaye hakuwapo mwanzo angeapa ni mtoto wa marehemu.

Waliposema amina, ndege iliinama upande mmoja ikageuka kusini. Mafuta yalikuwa yanaisha, Kulet alieleza baadaye. Ilikwenda kutua Mikumi, kwenye kiwanja cha mbugani. Hivyo mkurugenzi akashushwa kati ya pundamilia na kutafuta gari, naye akajua barabara ya Mikumi ilivyo. Alifika shambani kesho yake, mwekundu mpaka nyusi.

Simoni alizikwa siku ile ile, ubavuni kwa mama yake, jua likiwa bado lipo. Bibi Letisia hakulala kaburini. Alisema amekwisha lala, mifupa ya mtu mmoja haistahimili makaburi mawili kwa siku.

Siku ya kuanua matanga, watu wakiwa bado wamekaa uani, Onesphory alipanda mlima kwa miguu. Safari hii alianza kwa wazee.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, bibi. Poleni."

"Marahaba. Pole na wewe, mfiwa mwenzetu," Letisia alisema. Kofia ilikuwa kichwani mwake. Watu waliguna wakicheka.

Onesphory alilimeza neno hilo. Alikuja na ujumbe. Mkurugenzi amesikitika. Kwa ubinadamu, ameruhusu familia ya marehemu kupita kwenye geti wakati wowote. Kulet ataambiwa. Familia tu. Wengine wafuate njia ya mtoni mpaka kampuni itakapofikiria.

Wote walimtazama Yudith, na yeye alijua wanachotazama. Mtu akipewa mlango wake peke yake, mara nyingi huingia na kuufunga.

"Mwambie ahsante," alisema. "Mwambie sikuomba ruhusa ya kwangu. Na mwambie kwamba wafiwa wa Simoni ni wengi. Awe tayari."

"Wengi kiasi gani?"

"Siku ya gulio kaa getini, utawaona."

Siku ya gulio walishuka. Hawakushuka kwa fujo wala kwa nyimbo za kisiasa. Walishuka na mizigo yao ya ndizi na maharage, kama siku zote. Kulet alisimama getini, Onesphory pembeni yake.

"Nani?" Kulet aliuliza, maana ndivyo alivyoagizwa.

"Mfiwa," akasema wa kwanza, akapita.

"Nani?"

"Mfiwa."

Alipita mwalimu, mfiwa. Akapita mama mchungaji, mfiwa. Wakapita wanafunzi, wafiwa watupu. Kisha kutoka bondeni, upande mwingine, akaja Namelok, mwanamke wa wafugaji, vibuyu vya maziwa mgongoni. Wafugaji hao na watu wa mlimani walikuwa wamegombana msimu uliopita kwa sababu ya ng'ombe kuingia mahindini. Hawakuwa wakisalimiana vizuri.

"Huyu sasa vipi?" Onesphory aliruka. "Wewe ni Mmasai! Umefiwa na nani Ifunde?"

Namelok alimtazama kwa utulivu. "Na Simoni. Amekunywa maziwa yangu tangu sijaolewa. Wewe ulimjua siku moja ukafiwa, mimi nishindwe?"

Kulet alikohoa, akatazama mlima mpaka uso wake ukatulia. Kisha akamfungulia.

Yudith alikuwa wa mwisho, jembe begani, maana njia pale kwenye kiwanja ilikuwa imeliwa na maji na alitaka kuiziba kabla haijawa korongo. Alikuwa amefika katikati ya chokaa aliposikia ule mlio wa nyuki ndani ya chupa, upande wa Magole. Nyuma yake Onesphory alikuwa akiita, "Mama! Mama, harakisha!"

Alisikia. Alishusha jembe, akachimba donge la udongo, akalijaza kwenye shimo, akalikanyaga kwa kisigino mpaka likakaa. Kisha akaanza lingine. Juu kule ndege ilianza kuzunguka.